Kufunga na Kubana: Safari ya Amri ya Tar kutoka Tepu hadi Simu

Januari 1979, maabara za Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey, zilitoa Toleo la Saba la mfumo wa Unix. Miongoni mwa programu zilizokuwamo ilikuwapo moja ndogo yenye jina la herufi tatu: tar. Kazi yake ilikuwa kukusanya mafaili mengi, kuyapanga mfululizo kwenye tepu ya sumaku, na kuyatoa tena yanapohitajika. Haikuwa na picha wala vitufe vya kubofya. Mtu aliandika amri yake kwenye mstari, akaithibitisha, kisha akasubiri tepu izunguke.

Mashine zilizosoma tepu zile leo ziko makumbusho, na vijana wengi wanaotumia tar kila siku hawajawahi kushika gurudumu la tepu. Programu yenyewe haijastaafu. Ukipakua msimbo wa programu huria, ukitengeneza nakala ya akiba ya seva, au ukisafirisha mfumo mzima kutoka mashine moja hadi nyingine, aghalabu ni tar inayofunga mzigo. Ajabu ni kwamba vyombo vilivyokuja baada yake, vyenye kasi zaidi na vilivyotangazwa kwa kishindo, vingi vimesahaulika. Sababu yake haimo katika hesabu peke yake. Imo pia mahakamani, katika ofisi za hataza, na katika uamuzi wa watu wachache kuweka maelezo ya kazi yao hadharani.

Tepu na mapengo yake

Unix ilianza mwaka 1969 mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Mwongozo wake wa kwanza, wa Novemba 1971, tayari ulitaja ar, programu inayounganisha mafaili kadhaa kuwa faili moja, na tap, iliyohifadhi mafaili kwenye tepu. Baadaye tap ilirithiwa na tp. Programu hizi za tepu ziliandika kwanza orodha ya mafaili yote mwanzoni mwa tepu, ndipo mafaili yenyewe yakafuata. Utaratibu huo unafaa iwapo unajua mapema utakuwa na mafaili mangapi. Usipojua, nafasi ya orodha hujaa kabla ya tepu kujaa.

Tar iliachana na orodha ya mwanzoni. Kila faili lilipewa kichwa chake cha baiti 512, kikafuatwa na yaliyomo, kisha kichwa cha faili linalofuata na yaliyomo yake, hivyo hivyo hadi mwisho, ambako huwekwa vipande viwili vya sifuri tupu. Msomaji wa tepu hana haja ya kujua kilichoko mbele. Anasoma kichwa, anapata ukubwa wa faili, anachukua baiti hizo, anasogea. Kuongeza faili jipya ni kuandika tu pale pa mwisho.

Kichwa chenyewe ni somo la busara. Baiti 100 za kwanza ni za jina la faili. Hufuata vibali, namba ya mwenye faili, namba ya kundi lake, ukubwa, wakati lilipobadilishwa mara ya mwisho, na jumla ya kuhakiki kwamba kichwa hakijaharibika. Namba zote zimeandikwa kwa tarakimu zinazosomeka kwa macho, katika hesabu ya msingi wa nane, wala si kwa mpangilio wa ndani wa mashine fulani. Jambo hilo lilikuwa na uzito, kwa sababu Toleo la Saba lilikusudiwa kuhamishika kutoka kompyuta ya aina moja hadi nyingine, na kompyuta za wakati ule hazikukubaliana juu ya baiti ipi itangulie katika namba kubwa. Tarakimu za kawaida zilisomeka popote.

Ukubwa wa faili ulipewa tarakimu 11 za msingi wa nane, yaani kikomo cha gigabaiti 8. Wakati huo diski ya RK05 ya kampuni ya DEC, iliyotumika sana na kompyuta za Unix, ilibeba takriban megabaiti 2.5. Ni nani angejali kikomo kilichozidi diski yake mara elfu tatu? Wakati wa kubadilishwa faili nao ulipewa tarakimu hizo hizo 11, zikihesabu sekunde tangu Januari 1, 1970. Zitatosha hadi mwaka 2242.

Tepu yenyewe ilileta ugumu ambao diski hazina. Injini inayoizungusha huhitaji nafasi ya kuanza na kusimama, kwa hiyo kati ya rekodi moja na nyingine huachwa pengo lisilo na kitu. Katika tepu za nusu inchi zilizoandikwa kwa msongamano wa baiti 1,600 kwa inchi, pengo hilo lilikaribia sentimita 1.5. Kipande cha baiti 512 kilichukua sentimita 0.8 tu. Ukiandika kipande kimoja kimoja, karibu theluthi mbili ya tepu uliyoinunua inabeba mapengo. Ndiyo maana Toleo la Saba lilimruhusu mtumiaji kuunganisha hadi vipande 20 katika rekodi moja ya baiti 10,240. Rekodi hiyo ilichukua kama sentimita 16, pengo likabaki lile lile, na hasara ikashuka chini ya sehemu moja ya kumi.

Namba hiyo ya 20 bado imo ndani ya kompyuta zetu. Chukua faili lenye herufi moja tu, ulifunge kwa GNU tar (tar ya mradi wa programu huria wa GNU) bila kubana, kisha utazame ukubwa wa kilichotoka. Utakuta baiti 10,240. Kichwa kimoja, kipande kimoja cha data na vipande viwili vya kufungia vinafika baiti 2,048. Zilizobaki ni sifuri za kujaza rekodi ya tepu ambayo haipo.

Kutoka Bell Labs, tar ilisambaa vyuoni pamoja na Unix. Katika miaka ya 1980 John Gilmore, mmoja wa wafanyakazi wa mwanzo wa Sun Microsystems, aliandika tar yake mwenyewe na kuiacha mali ya umma, na ndiyo iliyokuja kuwa GNU tar. Mwaka 1988 kiwango cha POSIX kiliandika rasmi umbo la tar kwa jina la ustar, kikaongeza baiti 155 kwa njia ndefu za folda. Kiwango cha mwaka 2001 kikaondoa kikomo cha gigabaiti 8 kwa kuruhusu vichwa vya nyongeza. Hakuna hatua hata moja kati ya hizo iliyolazimisha watu kutupa tepu zao za zamani.

Mwanafunzi aliyekwepa mtihani

Kwa yote hayo, tar haikubana chochote. Muuza mitumba anaijua tofauti hiyo: kukusanya nguo ni kazi moja, na kuzishindilia kwa mashine mpaka ziwe robota ni kazi nyingine. Ujuzi wa kushindilia data ulitoka kwa wanahisabati.

Mwaka 1948, Claude Shannon wa Bell Labs alichapisha makala iliyoonyesha kwamba habari iliyomo ndani ya ujumbe inaweza kupimwa, na kwamba kuna kiwango ambacho huwezi kukishuka bila kupoteza kitu. Alieleza ukomo, lakini njia bora ya kuufikia herufi kwa herufi haikuwa imepatikana. Mwaka 1951, katika chuo cha MIT, mwalimu Robert Fano aliwapa wanafunzi wake hiari: wafanye mtihani wa mwisho au waandike kazi ya utafiti. David Huffman alichagua utafiti, akapewa swali la kutafuta msimbo mfupi kuliko yote. Mwalimu hakumwambia kwamba yeye mwenyewe na Shannon walikuwa wamehangaika na swali hilo bila kulimaliza. Huffman alihangaika kwa miezi, akakaribia kukata tamaa na kurudi kusomea mtihani, ndipo jibu likamjia. Alianza na herufi zinazotokea mara chache zaidi, akaziunganisha mbili mbili kupanda juu kama mti. Herufi inayotokea mara nyingi ikapata msimbo mfupi, ya nadra ikapata mrefu. Kazi yake ilichapishwa mwaka 1952, na hadi leo imo ndani ya mafaili ya zip.

Njia ya Huffman hutazama herufi moja moja. Mwaka 1977 Jacob Ziv na Abraham Lempel, wa chuo cha Technion huko Haifa, walikuja na wazo la kutazama marudio. Chukua methali: haba na haba hujaza kibaba. Programu inasoma “haba na ” na kuiandika kama ilivyo, kwa kuwa hakuna ilichokwisha kuona. Ikifika kwenye “haba” ya pili haiandiki herufi tena. Inaandika maagizo mafupi: rudi nyuma hatua nane, nakili alama tano. Alama ya tano ni nafasi iliyofuata neno. Kisha inaendelea na “hujaza”. Katika sentensi fupi faida ni ndogo, ila katika kitabu kizima kila walikuwa, walisema na walikwenda huacha “wali” ambayo haihitaji kuandikwa tena. Anayefungua hufuata maagizo yale yale, na faili hurudi kama lilivyokuwa, biti kwa biti. Mwaka 1978 wawili hao walichapisha njia ya pili, inayojenga kamusi ya vifungu kadiri inavyosoma.

Terry Welch ndiye aliyeirahisisha njia hiyo ya kamusi, na makala yake ikatoka katika jarida la Computer Juni 1984. Ilieleweka upesi na ilikuwa rahisi kuiandikia programu. Mwaka huo huo Spencer Thomas wa Chuo Kikuu cha Utah aliandika compress, wengine wakaiboresha, na baada ya muda mfupi ilikuwa kila mahali penye Unix.

Hapo ndipo tar na ubanaji vilipokutana, bila mmoja kumeza mwenzake. Tangu 1973 Unix ilikuwa na alama ya mstari wima, wazo la Doug McIlroy, inayopitisha matokeo ya programu moja moja kwa moja hadi programu nyingine. Mtu aliandika:

tar cf - picha | compress > picha.tar.Z

Tar ikafunga folda ya picha, compress ikabana kile kilichotoka, na faili moja likatua kwenye diski. Aliyetaka kubadilisha mbinu ya kubana alibadilisha nusu ya pili tu. Urahisi huo ulikuja kuokoa kazi ya watu wengi ilipobainika kwamba mbinu ya Welch ilikuwa na mwenyewe.

Mwenye mali ajitokeza

Kampuni ya Sperry, ambako Welch aliifanya kazi hiyo, iliomba hataza Juni 20, 1983, mwaka mmoja kabla ya makala. Makala haikutaja ombi hilo. Walioandika compress waliamini wanatumia elimu iliyochapishwa kwa watu wote. Hataza ilitolewa Desemba 10, 1985, na mwaka uliofuata Sperry ikaungana na Burroughs na kuwa Unisys.

Kwa miaka kadhaa wengi hawakusikia kitu. Mwaka 1987 kampuni ya CompuServe ilitoa umbo la picha la GIF, ambalo nalo ndani yake lina mbinu ya Welch, na picha hizo zikaenea. Mwishoni mwa Desemba 1994 ikatangazwa kwamba wanaotengeneza programu za GIF watatakiwa kulipia leseni. Waandishi wa programu walipandwa na hasira. Mnamo Oktoba 1996 walikuwa na umbo mbadala, PNG, lililokuwa tayari kutumika kama kiwango. Hataza yenyewe ilikwisha muda wake Marekani Juni 20, 2003, na wakati huo compress ilikuwa imekwisha kuwa kitu cha kufungulia mafaili ya zamani.

Kesi ya Milwaukee

Kabla hata hataza hiyo haijazua ghasia, watumiaji wa kompyuta ndogo za DOS walikuwa na ugomvi wao. Hawa hawakuwa na tepu. Walikuwa na diski laini, na modemu zilizotambaa kwenye nyaya za simu, ambako kila dakika ililipiwa. Kwao kufunga na kubana kulihitaji kuwa tendo moja. Mwaka 1985 kampuni ndogo ya System Enhancement Associates, ya Thom Henderson, ilitoa ARC iliyofanya yote mawili, na kuweka msimbo wake wazi usomwe.

Phil Katz, kijana wa Milwaukee, Wisconsin, aliuchukua msimbo huo na kuandika upya sehemu muhimu kwa lugha ya mashine. PKARC yake ilikwenda kasi zaidi, na watu wakahama. Mwaka 1988 kampuni ya Henderson ilimshtaki kwa kukiuka hakimiliki na alama ya biashara. Mtaalamu aliyelinganisha misimbo alikuta ufanano hadi kwenye maelezo ya pembeni na makosa ya tahajia. Agosti 1988 pande mbili zilipatana, Katz akalipa na akakubali kuiacha PKARC.

Mahakamani Henderson alikuwa na hoja; mitaani alishindwa. Wengi waliiona kesi hiyo kama kampuni kubwa inayomkandamiza mtu mmoja, ingawa kampuni ya Henderson nayo ilikuwa ndogo, na walimfuata Katz popote alipokwenda. Mwaka 1989 alirudi na PKZIP, yenye umbo jipya kabisa la faili. Safari hii alifanya jambo lililozidi kasi kwa umuhimu: aliandika maelezo kamili ya umbo la zip na kuyaachia umma, mtu yeyote aandike programu ya kulisoma na kulitengeneza. Mapema miaka ya 1990 akaongeza deflate, mbinu inayotafuta marudio ya Ziv na Lempel ndani ya kilobaiti 32 zilizopita, kisha kuyapitisha matokeo kwenye mti wa Huffman. Elimu ya 1952 na ya 1977 zikakaa ndani ya programu moja.

Katz alifariki Aprili 2000 mjini Milwaukee akiwa na umri wa miaka 37. Herufi za mwanzo za majina yake mawili zimo mwanzoni mwa mabilioni ya mafaili. Fungua zip yoyote kwa programu inayoonyesha baiti ghafi, utaona PK. Hati za docx ni zip. Programu za Android za apk, ikiwamo ile unayotumia kutuma fedha kwa simu, nazo ni zip.

Usiku wa Oktoba 31, 1992

Watu wa Unix walihitaji mrithi wa compress asiye na deni la mtu. Kundi la Info-ZIP, lililokuwa likiandika programu za zip zinazofanya kazi kwenye kila aina ya kompyuta, lilikuwa na Jean-loup Gailly, Mfaransa, na Mark Adler, Mmarekani. Gailly aliandika upande wa kubana, Adler upande wa kufungua. Toleo la kwanza la gzip lilitoka Oktoba 31, 1992, chini ya mradi wa GNU, likitumia deflate ya Katz bila kugusa hataza ya Welch. Mwaka 1995 waliitoa kazi hiyo kama zlib, maktaba ambayo programu nyingine zinaweza kuiita, na Mei 1996 maelezo ya deflate na gzip yalichapishwa rasmi kama hati za RFC 1951 na 1952. PNG inatumia deflate hiyo hiyo. Seva za wavuti nazo hubana kurasa kwa gzip kabla ya kuzituma.

Hapa zip na tar.gz zilitengana kabisa, na kila upande una sababu. Zip hubana kila faili peke yake na kuweka orodha mwishoni. Ukitaka faili moja kati ya elfu, inasoma orodha, inaruka hadi mahali pake, inalifungua hilo tu. Tar.gz hufunga kwanza, kisha hubana mkondo mzima kama kitu kimoja. Mafaili mia yanayofanana huazimana marudio, na kifurushi huwa kidogo zaidi, ila kulifikia la mwisho sharti upitie yote yaliyotangulia. Zip imerithi tabia ya diski, ambako unaweza kuruka. Tar imerithi tabia ya tepu, ambako huwezi.

GNU tar baadaye ilijifunza kuiita gzip yenyewe. Amri ikawa:

tar -czf picha.tar.gz picha/

Herufi c inaagiza kutengeneza, z kubana kwa gzip, na f inatangaza kwamba neno linalofuata ni jina la faili la kuandikia. Zamani, ukiiacha f, tar ilikwenda kwenye tepu. Asili hiyo bado inawaumiza wageni. Ukiandika -cfz, f itadhani jina la kifurushi ni “z”, na utapata faili liitwalo z ambalo halijabanwa. Hatari zaidi ni kuandika tar -cf *.txt kwa kusahau jina la kifurushi. Tar italichukua faili la kwanza la txt kuwa ndilo jina hilo, na kuandika kifurushi juu yake. Maandishi yako ya awali hayatarudi.

Baada ya gzip mambo yalikwenda upesi. Mwaka 1994 Michael Burrows na David Wheeler walieleza njia ya kupanga upya herufi ili zinazofanana zikae pamoja, na mwaka 1996 Julian Seward akaijengea bzip2, yenye kubana zaidi na kwenda polepole zaidi. Igor Pavlov wa Urusi alitoa 7-Zip mwaka 1999, na mbinu yake ya LZMA ikawa msingi wa xz ya mwaka 2009. Mwaka 2016 Yann Collet, akiwa Facebook, alitoa zstd, inayobana vizuri kuliko gzip huku ikikimbia zaidi yake. Kila mmoja wao aliingia upande wa kubana. Kwa mtumiaji wa tar, mengi ya mapinduzi hayo yalimaanisha kubadilisha herufi moja: z kwa gzip, j kwa bzip2, J kubwa kwa xz.

Nusu sekunde

Ilipofika 2024 ingeonekana hakuna kilichobaki kusimuliwa. Xz ilikuwa imesambaa katika mifumo ya Linux, ikitunzwa kwa miaka na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea. Kuanzia 2021 mtu aliyejiita Jia Tan alianza kuleta marekebisho mazuri. Wengine walimsukuma Collin akubali msaada kwa kuwa kazi ilikuwa inachelewa, na taratibu Jia Tan akapewa mamlaka ya kutoa matoleo.

Mwezi Februari na Machi 2024 alitoa xz 5.6.0 na 5.6.1. Msimbo haramu ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio yaliyobanwa, ambayo hakuna anayeyasoma kwa macho. Hati ndogo ya kuuamsha haikuwamo kwenye hifadhi ya msimbo ambayo kila mtu anaweza kuikagua. Ilitiwa ndani ya kifurushi cha tar tu, kile ambacho watengenezaji wa mifumo hupakua na kukijenga. Katika baadhi ya mifumo huduma ya kuingia kwenye seva kwa mbali iliunganishwa na maktaba ya xz, na kwa njia hiyo mvamizi angekuwa na mlango wa uani wa seva zisizohesabika.

Aliyelinasa jambo hilo ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya kitu kingine kabisa, akaona kwamba kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alifuatilia hadi chini, na Machi 29, 2024 akautangazia ulimwengu. Msimbo huo ulikuwa umeingia katika matoleo ya majaribio ya Debian na Fedora, lakini ulikuwa haujafika kwenye matoleo imara yanayotumika kwa wingi.

Watu wengine waliona tukio hilo kama hoja dhidi ya programu huria. Ukweli ni kwamba mshambuliaji alilazimika kujificha mahali pasipo wazi, ndani ya kifurushi badala ya hifadhi, na aliumbuliwa kwa sababu Freund aliweza kusoma kila kitu bila kumwomba mtu ruhusa. Palipopungua ni kwa watunzaji: kazi inayotegemewa na dunia nzima ilikuwa imeachwa mabegani mwa mtu mmoja aliyechoka.

Kilichodumu na kwa nini

Tazama sasa nani amebaki. Vifurushi vya programu vya Debian na Ubuntu vyenye kiishio cha deb ni mafaili ya ar, ile ile ya mwongozo wa 1971, na ndani yake kuna mafaili ya tar yaliyobanwa. Makontena ya Docker husafirishwa kama tabaka za tar. Zip imo ndani ya simu na hati za ofisini. ARC, iliyokuwa mbele ya wote kwenye DOS, imekwisha. Compress, iliyokuwa kila mahali, ilipoteza nafasi yake kwa sababu ya karatasi iliyokuwa ofisi ya hataza.

Umbo la faili linaloishi miaka hamsini ni lile ambalo maelezo yake yameandikwa, yako wazi, na hayana mtu wa kuja kudai ada kesho. Kasi na udogo hubadilika kila baada ya miaka michache, na tar imeruhusu vibadilike bila kuivunja kwa sababu ilikataa kufanya kazi mbili kwa pamoja.

Kwa msomaji mwenye picha za familia, hesabu za chama au nyaraka za ofisi za kuhifadhi, ushauri unaotokana na historia hii ni mfupi. Tumia tar au zip, na kwa kubana tumia gzip, xz au zstd, ambazo maelezo yao yako hadharani. Andika jina la kifurushi kwanza mara tu baada ya f. Ukimaliza, orodhesha yaliyomo kwa tar -tf na ujaribu kukifungua mahali pengine. Mafaili ya asili usiyafute kabla hujafanya hivyo.